Vitabu vya Watoto Visivyopigwa Chapa

Katika kijitabu cha ukumbusho kama hiki ni desturi kuhesabu yaliyotimia: msikiti uliojengwa, madrasa iliyofunguliwa, watoto waliohitimu, na majina ya wazee waliotangulia mbele ya haki. Ni desturi njema, wala siipingi. Lakini mwenye kuandika habari za kale ajua ya kuwa katika kila kabati, nyuma ya vitabu vilivyokamilika, mna karatasi za kazi iliyoanzwa isimalizike, au iliyomalizika isipate mtu wa kuipokea. Karatasi hizo ndizo za kwanza kutupwa siku watu wanapohama nyumba. Napenda kueleza katika kurasa hizi habari za mahali pamoja ambapo hazikutupwa. Tena karatasi zenyewe ni za vitabu vya picha vya watoto wadogo, ambazo wengi wetu tungaliziona kuwa ni upuuzi mtupu.

Mahali penyewe ni Hattiesburg, mji wa jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Pana chuo kikuu kiitwacho University of Southern Mississippi, na katika maktaba ya chuo hicho mna hazina iitwayo de Grummond, kwa jina la aliyeianzisha. Bibi Lena de Grummond alikuwa kwanza msimamizi wa maktaba za shule katika jimbo la jirani la Louisiana. Alipokuja Hattiesburg kuwafundisha watu watakaokuwa wakutubi, aliona kwamba wanafunzi wake huletewa kitabu cha mtoto kikiwa kimekwisha kamilika, kama mtu anayefundishwa ujenzi kwa kuonyeshwa nyumba iliyokwisha pakwa chokaa. Alitaka waone udongo na fito. Basi mwaka 1966 akaanza kuwaandikia barua waandishi na wachoraji, mmoja mmoja, akiwaomba wampe miswada yao, michoro yao ya majaribio, barua walizoandikiana na wachapishaji, hata vipande walivyovikata na kuvitupa kapuni.

Wengi walistaajabu kuombwa takataka zao. Lakini walizipeleka. Leo hazina hiyo ina kazi za asili za waandishi na wachoraji zaidi ya 1,300, na yote yalianza kwa barua ya mwalimu mmoja. Nasi tuna mfano wetu katika miaka hiyo hiyo ya 1960: J. W. T. Allen alikuwa akizunguka pwani ya Afrika Mashariki, nyumba kwa nyumba, akiwaomba wenyewe tenzi na maandishi mengine ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Alichokipata kikawekwa katika chuo cha Dar es Salaam, na orodha yake ikapigwa chapa mwaka 1970. Tenzi ni jambo la fahari na michoro ya nyani ni jambo la mchezo, hilo nalijua. Ila njia ni ile ile, kwamba mtu alikwenda akaomba wakati mwenye mali alipokuwa bado hai.

Yafaa nieleze kidogo kitabu cha picha hutengenezwaje, maana asiyejua hilo hataona thamani ya mswada wake. Karatasi kubwa ya kiwanda cha chapa hukunjwa mara kadhaa kisha hukatwa, ndiyo sababu kitabu cha picha kwa desturi huwa na kurasa 32, wala mtungaji hana ruhusa ya kuongeza ya 33 kwa kuwa hadithi imemnogea. Kwa hiyo kabla ya kuchora kwa bidii hukunja karatasi za kawaida, akazishona ziwe kijitabu, akachora ndani yake kwa haraka na kuandika maneno kwa penseli: hapa mtoto atafunua ukurasa, hapa atacheka, hapa pawe na picha tupu pasiwe na neno. Kijitabu hicho cha majaribio ndicho mswada wa kitabu cha picha. Ndani yake yaonekana maneno yaliyofutwa, mnyama aliyebadilishwa jina, na ukurasa ulioondolewa kwa sababu mchapishaji alisema utawatisha watoto. Katika kitabu kilichopigwa chapa hayo yote hayapo tena.

Miongoni mwa waliopata barua ya Bibi de Grummond na kuijibu mapema walikuwa mume na mke, H. A. Rey na Margret Rey. Hapa nataka kukaa kidogo, maana habari yao ni ndefu, na karibu wakose hata hizo karatasi za kupeleka.

Hans Augusto Reyersbach, ambaye baadaye alifupisha jina lake kuwa Rey, alizaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1898, karibu na bustani ya wanyama, na utotoni alijifunza kuwachora wanyama hao. Alipigana katika jeshi la Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Kisha, kwa kukosa riziki kwao, akavuka bahari kwenda Brazili, ambako alikuwa akiuza mabafu ya kuogea na vyombo vingine kando ya mto Amazon. Margret alizaliwa Hamburg pia, mwaka 1906, naye alijifunza sanaa katika chuo cha Bauhaus. Wote wawili walikuwa Mayahudi, na Hitler alipotwaa utawala mwaka 1933 pakawa hapana nafasi yao tena Ujerumani. Margret akamfuata Hans Brazili. Wakaoana Rio de Janeiro mwaka 1935 na kuwa raia wa nchi hiyo. Mwaka uliofuata wakaenda Ulaya kutembea, wakafikia hoteli moja ya mtaa wa Montmartre katika mji wa Paris. Walikusudia kukaa majuma machache, wakakaa miaka minne.

Hapo ndipo walipoanza kutunga vitabu vya watoto. Mwaka 1939 kampuni ya Gallimard ilitoa kitabu chao cha twiga mpweke na nyani tisa. Mmoja wa nyani hao, mdogo na mtundu, aliyeitwa Fifi, aliwapendeza wenyewe, wakaanza kumtungia kitabu chake peke yake. Walikuwa pia na mswada mwingine, walioufanya yapata mwaka 1937, wa pengwini, yule ndege wa nchi za barafu asiyeweza kuruka. Walimwita Whiteblack. Kazi yake ilikuwa kuwasimulia pengwini wenzake hadithi kwa redio. Siku moja hadithi zikamwishia, akafunga safari kuuzunguka ulimwengu apate za kusimulia.

Vita vilipoanza Septemba 1939 walikuwa wakikaa kusini mwa Ufaransa, katika jumba la kale la Château Feuga. Wanakijiji waliwaona watu wawili wenye lafudhi ya Kijerumani wakijifungia ndani mchana kutwa wasilime wala wasifuge, wakawashuku kuwa ni wapelelezi wanaotengeneza mabomu. Polisi wakaja kupekua. Walichokikuta ni meza iliyojaa picha za nyani. Yasemwa walikwenda zao bila maneno mengi, nami naamini, kwani sijui polisi angeandika nini katika ripoti yake.

Juni 1940 majeshi ya Wajerumani yalikuwa yakikaribia Paris. Rai ya serikali na ya wananchi ilikuwa moja tu: kukimbia. Magari-moshi yalikuwa hayapatikani, wala Rey hawakuwa na motakaa, na baiskeli zilikuwa zimekwisha madukani. Hans akapata vipande vya baiskeli, akaviunga kwa mikono yake mwenyewe, akapata baiskeli mbili. Alfajiri ya tarehe 12 Juni wakatoka mjini. Walichukua makoti, mkate na jibini, na katika mizigo iliyofungwa juu ya baiskeli walitia miswada yao: ya Fifi, na ya Whiteblack pia. Siku mbili baadaye, tarehe 14, Wajerumani waliingia Paris.

Barabara za kusini zilijaa mamilioni ya watu waliokimbia kwa miguu, kwa mikokoteni na kwa kila namna. Siku ya kwanza wakafika Étampes, mwendo wa kilomita hamsini hivi. Usiku mmoja walilala zizini pamoja na ng'ombe. Wakaendelea mpaka Orléans, wakapata gari-moshi. Wakavuka mpaka wa Spania, wakaingia Ureno, na kutoka Lisbon wakapanda meli kwenda Rio. Oktoba 1940 wakashuka New York. Tarehe hizi na njia hii twazijua kwa sababu Hans alikuwa na vijitabu vidogo vya mfukoni ambamo aliandika kila siku alipokuwa na alichotumia; navyo vimo katika masanduku ya Hattiesburg pamoja na michoro. Mwandishi Louise Borden alivifuatia, akatoa mwaka 2005 kitabu kizima cha safari hiyo. Bei ya mkate iliyoandikwa kwa haraka kando ya njia imekuwa ushahidi wa historia.

Fifi alibadilishwa jina New York. Kampuni ya Houghton Mifflin ilimtoa mwaka 1941 akiitwa George, na kitabu chake, Curious George, kikafuatwa na vingine sita mpaka mwaka 1966. Uingereza alipewa jina la tatu, Zozo, maana Mfalme wakati huo alikuwa George wa Sita, na haikuonekana adabu kumpa nyani jina la Mfalme. Kwa hiyo katika nchi zetu zilizokuwa zikitawaliwa na Waingereza, mtoto ambaye angalikutana naye kwa kitabu kilichotoka London angalimjua kwa jina la Zozo.

Sitaki kupita hapa kama kwamba sikuona kitu. Hadithi yaanza Afrika. Mzungu mwenye kofia ya manjano amwona nyani mdogo, aitega kofia yake chini, nyani aivaa ikamfunika macho, naye amtia guniani na kumpakia merikebuni mpaka mji mkubwa wa ng'ambo. Wataalamu wa Marekani wameandika mengi wakifananisha kurasa hizo na biashara ya watumwa. Sidhani kuwa Rey walikusudia hivyo. Walikuwa wakimbizi, na wengi huyasoma maponyoka ya nyani huyo kama kivuli cha maponyoka yao wenyewe. Lakini msomaji wa upande wetu hawezi kulifunga jicho kwa sababu mtungaji alikuwa mtu mwema. Ni faida mojawapo ya hazina hii kwamba atakaye kuamua shauri hilo haamui kwa kubahatisha: michoro ya tangu mwanzo ipo, na aweza kuifuata hatua kwa hatua.

Sasa turudi kwa Whiteblack. Pengwini huyu aliokoka pamoja na George, akavuka mipaka ile ile na bahari ile ile, lakini hakupigwa chapa. George alishika njia, na vitabu vyake vikamaliza siku za watungaji. Hans alifariki mwaka 1977. Margret aliishi mpaka Desemba 1996, na baada ya kifo chake karatasi zao zote zikaenda Hattiesburg, masanduku kwa mamia. Humo ndimo Whiteblack alimokutwa, picha zake za rangi za maji zikiwa kamili kwa mkono wa Hans mwenyewe. Mwaka 2000 Houghton Mifflin waliutoa mswada huo kuwa kitabu, miaka zaidi ya sitini tangu ulipoandikwa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ulipotungwa angaliweza kumsomea mjukuu wake.

Katika jambo hili bahati ilisaidia, kwamba kazi ilikuwa imekwisha. Mchapishaji hakulazimika kuongeza cha kwake. Mambo huwa mazito zaidi pale mswada ulipoachwa njiani, na mfano wake ni wa Uingereza. Beatrix Potter, yule aliyemtoa sungura Peter mwaka 1902, aliandika mwaka 1914 hadithi ya paka mweusi wa kike mwenye mwenendo wa siri, The Tale of Kitty-in-Boots. Alikuwa ameolewa mwaka 1913, mashamba na kondoo vikimshughulisha. Vita vikazuka, na ugonjwa pia ukamzuia. Alichora picha chache tu, nyingine zikabaki nia. Alifariki mwaka 1943. Karatasi zake nyingi zilikusanywa na mtu aitwaye Leslie Linder, ambaye alimpenda mwandishi huyu kwa mapenzi yasiyo ya kawaida hata akafumbua maandishi ya siri aliyoyatumia bibi huyo ujanani katika shajara yake. Linder aliutaja mswada wa paka katika kitabu alichokitoa mwaka 1971, na karatasi zenyewe zikahifadhiwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Hazikufichwa. Zilikuwa zimeandikwa katika orodha, katika madaftari ya shule, kila ajaye aweza kuziona. Hata hivyo ikawa mwaka 2013 ndipo mhariri mmoja, aliposoma kitabu cha Linder kilichokuwa kimekwisha madukani, akaenda kuziomba.

Kitabu kilitoka mwaka 2016, miaka 150 tangu Potter azaliwe, na picha zikachorwa na Quentin Blake. Blake ni mchoraji mkubwa, wala sisemi kazi yake ni mbaya. Ila paka wa Blake si paka wa Potter. Wako wanaosema afadhali mtoto asome hadithi nzuri yenye picha za mwingine kuliko isomwe na wataalamu watano katika chumba cha baridi. Wako wanaosema aliyeacha kazi bila kuimaliza huenda alikuwa na sababu yake, na maiti haulizwi. Kwa rai yangu, chapa na itoke, kwa sharti kwamba jalada liseme wazi nani alifanya nini, na mswada ubaki ulivyo, usiguswe kalamu. Mswada ukibaki, kosa la mchapishaji laweza kusahihishwa na atakayekuja baadaye. Ukipotea, kosa hilo ndilo litakalokuwa asili.

Nimekiacha cha Hattiesburg kimoja makusudi kwa mwisho, kwa kuwa chahusu mji wenyewe. Chuo hicho ambacho leo hufunguliwa mlango kwa kila mtafiti kilikuwa cha Weupe peke yao. Mtu Mweusi wa hapo hapo, Clyde Kennard, aliyekuwa askari wa Marekani katika vita vya Korea, aliomba kuingia mara kadhaa kati ya 1955 na 1959, akakataliwa. Mwaka 1960 alihukumiwa kifungo cha miaka saba kwa shitaka la kushiriki wizi wa chakula cha kuku chenye thamani ya dola 25. Akapata saratani gerezani, akaachiliwa akiwa mahututi, akafa Julai 1963. Mahakama ilimtangaza kuwa hana hatia mwaka 2006. Wanafunzi Weusi wa kwanza, mabibi wawili, waliingia chuoni Septemba 1965. Na mwaka uliofuata Bibi de Grummond akaanza kuandika barua zake.

Basi katika hazina hiyo mna leo karatasi za Ezra Jack Keats. Huyu alizaliwa Brooklyn mwaka 1916, mtoto wa Mayahudi maskini waliotoka Poland. Mwaka 1940 alikata katika gazeti la Life picha za mtoto mdogo Mweusi wa jimbo la Georgia aliyekuwa akisubiri kutolewa damu na daktari. Uso wa mtoto ulimgusa. Akakitunza kipande hicho miaka zaidi ya ishirini, huku akichora vitabu vya wengine na kuona kwamba katika miswada yote aliyoletewa hakuna hata mmoja ambao shujaa wake ni mtoto Mweusi. Mwaka 1962 akatoa The Snowy Day, habari ya kijana mdogo aitwaye Peter anayetoka kucheza thelujini, na uso wa Peter ni wa kipande kile. Mwaka 1963, mwaka ule ule aliokufa Kennard, kitabu hicho kilipata nishani ya Caldecott, iliyo kubwa kuliko zote za vitabu vya picha Marekani.

Keats alifariki mwaka 1983. Katika siku zake za mwisho alikuwa ameandika na kuchora kitabu kimoja zaidi, The Giant Turnip, ngano ya zao lililokua kubwa hata mtu mmoja asiweze kuling'oa. Hakikupigwa chapa alipokuwa hai, na kikabaki miongoni mwa karatasi alizoziacha. Anayekwenda kusoma karatasi zake Hattiesburg hutakiwa kama ilivyo desturi ya nyumba za namna hiyo: akae mezani, mikono iwe safi, wino uachwe mlangoni, aandike kwa penseli. Kisha mkutubi huenda ndani, akarudi na sanduku, akaliweka mbele yake na kulifunua.